Somo Lisilorudi Ifakara

Jumapili ile Rosemery hakukaa kusalimiana na watu nje ya kanisa. Alichepuka nyuma ya maduka ya mchele, akashika njia ya kwenda kwa kina Amedeus, na katikati ya njia akasimama kujitazama kwenye kioo cha pikipiki ya watu. Muuguzi mzima, anayeogopwa na wagonjwa wakorofi wa wodi ya wanaume, anajipanga nywele kwenye kioo cha bodaboda! Mapenzi hayana adabu hata kidogo.

Furaha yake ilikuwa na sababu. Jumamosi inayofuata wazee wa upande wa Amedeus wangefika Kiberege, nyumbani kwa baba yake, kupeleka posa. Baada ya hapo Amedeus angepanda ndege kwenda Ujerumani. Alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uuguzi, na chuo chake kilikuwa kimemchagua yeye na mwenzake mmoja, Konsolata, wakasome kule kwa muhula mmoja. Muhula mmoja tu. Mwisho wa Februari arudi, Kwaresima ipite, na baada ya Pasaka wafunge ndoa.

Posa hiyo haikupatikana kirahisi. Baba yake, Mzee Yoramu, Msukuma aliyeshuka bondeni na ng'ombe wake Rosemery akiwa bado anabebwa mgongoni, alikuwa amekataa katakata.

"Sina neno na Wapogoro, wala sina neno na Wakatoliki," alisema. "Nina neno na mtu anayefunga mizigo. Anayeondoka hachumbii. Anayerudi ndiye anayechumbia. Aende, asome, akirudi aje hapa nimpokee kwa mikono miwili."

Rosemery alilia, akanuna, akasusa chakula. Mama yake akambembeleza mzee usiku na mchana mpaka mzee akachoka, akasema haya, waje. Kwa hiyo ushindi ulikuwa wa Rosemery, na mshindi hutembea kwa madaha. Alifika kwa kina Amedeus anatabasamu peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibu. Mwenzio yuko barazani na kompyuta yake, tangu asubuhi hajatia kitu tumboni."

Mama Amedeus alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda na ungo mapajani, anapepeta mchele. Goti lake la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa. Alikuwa mjane, na Amedeus ndiye mtoto wake pekee.

Amedeus alipomwona Rosemery aliinua macho, na yale macho yalifanya kazi yake ya siku zote. Yalikuwa macho ya upole, ya mtu anayeonekana ndiyo kwanza ameamka usingizini. Rosemery alikuwa ameyapenda tangu siku kijana huyo alipoletwa wodini kwa mafunzo ya vitendo, akaambiwa amfuate Sista Rosemery popote aendapo, naye akamfuata mpaka leo.

"Umechelewa," Amedeus alisema.

"Mahubiri yalikuwa marefu. Sogea."

Wakakaa bega kwa bega. Kazi ya siku ile ilikuwa kupanga masomo. Chuo cha Ifakara kilikuwa na sharti moja: kila somo ambalo mwanafunzi angesoma kule lazima lilingane na somo la hapa, kwa maudhui na kwa saa za wodini, ndipo mkufunzi wa taaluma angelikubali. Hayo ndiyo yaliyoitwa masomo yanayohamishika. Ukisoma yasiyohamishika, unarudi na picha za theluji tu, na mwaka unaurudia. Rosemery alikuwa amejitolea kusaidia, maana yeye alikwisha kuyasoma mengi ya masomo hayo. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa na sababu yake ya siri. Kwake yeye kila somo lililokubalika lilikuwa kamba ya kumrudisha mtu wake nyumbani, na alitaka kamba hizo azifunge kwa mkono wake mwenyewe.

Walianza vizuri. Takwimu ikalingana na takwimu. Utafiti ukalingana. Uuguzi wa wagonjwa mahututi ulikuwa na saa nyingi za vitendo kuliko hata wa hapa. Walipofika kwenye afya ya akili, Rosemery akasoma muhtasari wa somo, akaurudia, akatikisa kichwa.

"Hili ni darasani mwanzo mwisho. Hawaingii wodini hata siku moja. Mkufunzi wenu atalikataa."

"Akilikataa nitalirudia."

"Utalirudia lini? Semista ya pili ina masomo yake. Ukibaki na kiporo, unasubiri mwaka mwingine."

"Tutaona hukohuko mbele, Rose. Usijitie presha."

Rosemery akageuka kumtazama. Huyu ndiye Amedeus aliyewahi kumfuata mwalimu mpaka kwenye daladala kudai alama moja ya famasia? Tangu lini amekuwa mtu wa kusema tutaona hukohuko mbele?

"Mbona siku hizi umepoa hivyo?"

"Nimekua," Amedeus alijibu, akacheka.

Kicheko kile hakikufika machoni. Rosemery alikiona, akakinyamazia. Akatafuta somo jingine, uuguzi wa wagonjwa majumbani, lenye wiki nzima nzima za vitendo, akamwonyesha jinsi linavyoweza kusimama badala ya lile. Amedeus akasema sawa. Alisema sawa kama mtu anayeulizwa chai iwe na tangawizi au isiwe nayo.

Mama Amedeus akaja na vikombe, akichechemea. Rosemery akaruka kumpokea.

"Mama, si ungeniita? Goti hilo si la kubebea vitu."

"Goti limekuwa adui, mwanangu. Ndiyo maana namshukuru Mungu amekuleta wewe. Msimu huu tutalinda ndege pamoja, shambani kule Kivukoni. Amedeus amekwisha kuongea na fundi, anatujengea dungu jipya, kubwa, la watu wawili, magogo magumu ya kudumu misimu miwili."

"Watu wawili, mama?"

"Mimi na wewe."

Rosemery akacheka kwa adabu. Hakuna mtoto wa bonde lile asiyejua dungu, kile kibanda cha miti kinachoinuliwa juu ya mpunga ili watu walale humo, wakifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Kijana wa Kipogoro humtengenezea mama yake dungu kila mwaka na kulinda naye zamu kwa zamu. Hilo halikuwa jambo geni. Na mchumba aliyekwisha kutolewa mahari kwenda kumsaidia mama mkwe shambani, hilo nalo lilikuwa heshima. Lakini ndege huanza kushambulia mpunga Aprili, unapotia maziwa kwenye punje. Aprili Amedeus anakuwa amerudi.

"Mimi nitaomba likizo nije, mama," alisema taratibu. "Lakini na mwenyewe si atakuwepo? Itabidi dungu liwe la watu watatu."

"Ah, huyo kaniambia tusimtegemee. Masomo yatambana. Msimu huu na ujao ni mimi na mkwe wangu."

Mama Amedeus akarudi kwenye ungo wake akiimba kidogo wimbo wa kwaya. Rosemery akabaki ameshika kikombe. Masomo yatambana? Miaka yote Amedeus alisoma mchana chuoni, Ijumaa jioni akapanda baiskeli na daftari zake mpaka Kivukoni, akasomea dunguni kwa tochi. Alijisifia hilo mara ngapi! Kama hawezi kufika Kivukoni kutoka Ifakara, basi anategemea kuwa mbali kuliko Ifakara. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa yanakusanyika hapohapo barazani.

"Umempangia mama mambo mengi," alisema.

"Nataka asipate tabu nisipokuwepo."

"Usipokuwepo mpaka Februari."

"Ndiyo. Mpaka Februari." Amedeus akaangalia kompyuta. "Kunywa chai, inapoa."

Kuna aina ya shaka inayomjia mwanamke na jina la mwanamke mwenzake, na shaka ya Rosemery ilikimbilia huko. Konsolata. Msichana mrefu, mcheshi, mwenye meno mazuri, wanakwenda wawili kwenye nchi ya baridi ambako hakuna shangazi wala jirani. Usiku mwingine Rosemery alikuwa ameshindwa kulala kwa ajili ya yale meno. Sasa akaanza kujenga picha yote: wawili wale wamekubaliana, watabaki kule, na yeye ataachiwa dungu.

"Amedeus!" mama aliita kutoka uani. "Njoo unishushie gunia, mwanangu."

Amedeus akaenda. Simu yake ilibaki kwenye stuli, na kama vile shetani alikuwa anasubiri zamu, ikaita. Kwenye kioo paliandikwa Konso.

Rosemery hakuwahi kupokea simu ya mtu. Alipokea hiyo.

"Haloo. Rosemery hapa."

"Wifi! Jamani, mzima?" Sauti ilikuwa na furaha ya kweli, haikushtuka hata kidogo. "Afadhali nimekupata wewe, huyo kaka yangu siku hizi hasikii. Mwambie nimetoka kuongea na mkufunzi. Lile la Kijerumani kwa Wauguzi halihamishiki. Huku halihesabiki kabisa. Mimi nimelitoa. Siwezi kurudi na kiporo, mama yangu atanichinja."

"Kijerumani kwa Wauguzi," Rosemery akarudia.

"Eeh. Na yeye kachukua mpaka ngazi ya pili, wifi, na ngazi ya pili inaanza Aprili. Aprili si tutakuwa tumesharudi? Atakuwa amekosea kubofya. Mwambie arekebishe kabla hawajafunga."

"Nitamwambia. Asante, Konso."

"Na Jumamosi niwekeeni nyama basi! Msalimie mama."

Rosemery akairudisha simu palepale ilipokuwa. Kwa dakika nzima aliona aibu kwa yote aliyowahi kumfikiria yule binti. Kisha aibu ikapita, ikaja kitu kizito zaidi. Mpinzani mwenye meno mazuri unaweza kugombana naye, ukampiga au akakupiga. Lakini Kijerumani kwa Wauguzi! Wodini kwao wenzake wawili walikwisha kuondoka kwa mlango huohuo. Kila muuguzi wa Ifakara alijua kwamba hospitali za kule zinatafuta watu, na kwamba mlango haufunguki mpaka ujue lugha. Mtu wa miezi michache hujifunza kusalimia na kuulizia choo. Anayejifunza kumwuliza mgonjwa maumivu yalianza lini, huyo amekusudia kukaa.

Amedeus akarudi akijipangusa vumbi la mchele.

"Nani alipiga?"

"Konsolata. Anasema umekosea kubofya."

Amedeus akasimama.

"Anasema somo la Kijerumani halihamishiki, na ngazi ya pili inaanza Aprili. Nikamwambia nitakukumbusha." Rosemery akaisogeza simu upande wake. "Umekosea, Amedeus?"

Angesema ndiyo. Rosemery alikuwa tayari kuamini. Hilo ndilo jambo la kusikitisha kwa mtu anayependa: ushahidi wote anao mkononi, na bado anaomba adanganywe vizuri.

"Kaa chini tuongee," Amedeus alisema.

"Nimekaa. Wewe ndiye umesimama."

Akakaa. Alitaka kumshika mkono, Rosemery akauweka mkono wake mapajani.

"Sikiliza, Rose. Muhula mmoja haunisaidii kitu. Nitarudi hapa na cheti, halafu? Niungane na wale wanaozunguka na vyeti vyao? Kule ukimaliza lugha unaruhusiwa kuendelea, unafanya kazi huku unasoma. Nikikaa vizuri nakuita. Wewe ni muuguzi tayari, tena mzuri kuliko mimi. Nilitaka iwe zawadi."

"Zawadi."

"Ndiyo."

"Utaniita lini?"

"Mambo yakikaa sawa."

"Na mama?"

Amedeus akatazama uani. Ungo ulikuwa unasikika, shwa, shwa.

"Mama hawezi kubaki peke yake," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo hatabaki peke yake. Atabaki na mimi."

Amedeus akasogeza kikombe chake pembeni.

"Sema, Amedeus. Ndiyo maana posa ikawa ya haraka hivi? Mimi nikafikiri una wivu, hutaki kuniacha bila pete. Nikajiona mwanamke anayependwa. Nikamtia baba yangu aibu mbele ya ndugu zake, nikasusa chakula kama mtoto, kumbe mwenzangu anatafuta mtu wa kukaa na mama yake."

"Nakupenda, Rosemery. Mungu anajua."

"Na mimi najua. Ungekuwa hunipendi ningeondoka zamani, wala nisingeumia." Machozi yalimtoka sasa, akayaacha. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemwambia baba yako. Baba yako angekataa posa."

"Angekataa, ndiyo! Ilikuwa haki yake kukataa. Na mimi ilikuwa haki yangu kuchagua kama nitakusubiri. Ungeniuliza, huenda ningesema ndiyo. Mimi mjinga namna hiyo kwako, Amedeus, ningesema ndiyo, ningelala dunguni na mama misimu mitatu, ningekungoja. Lakini hukuniuliza. Ulinipanga."

Amedeus akaivuta kompyuta kwa haraka. Akabofya hapa, akabofya pale, akaigeuza ili Rosemery aone.

"Nimeyafuta. Umeona? Ngazi zote mbili. Yamebaki yanayohamishika tu. Narudi Februari. Basi, yameisha."

Kweli hayakuwepo tena. Yalibaki yale waliyoyapanga pamoja, yote ya kurudi nayo nyumbani. Alikuwa amepata kila alichokitaka asubuhi ile alipokuwa anajitazama kwenye kioo cha watu. Akamwangalia Amedeus usoni. Yale macho ya upole yalikuwa yameishiwa nguvu, kama ya mgonjwa aliyekubali kukatwa kidole ili abaki na mkono.

"Umeyafuta kwa sababu huyataki," aliuliza taratibu, "au kwa sababu nimeyaona?"

Amedeus akaitazama kompyuta. Alikuwa mwongo wa kuficha, si mwongo wa kusema, na jibu likamshinda.

"Yarudishe," Rosemery akasema.

"Rose..."

"Yarudishe. Ukiyaacha kwa ajili yangu utanidai maisha yote. Kila mshahara ukichelewa utanitazama, na mimi nitajua unawaza nini. Kutaka kubaki kule si dhambi. Kama moyo wako uko huko, nenda, ujifunze vizuri, umwuguze bibi wa watu kwa lugha yake. Lakini Jumamosi wazee wasije Kiberege."

Hapo ndipo wote wawili walipogundua kwamba ungo ulikuwa umenyamaza. Mama Amedeus alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mwimo, uzito wote kwenye mguu mzima. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Wasije kwa nini?" aliuliza. "Kuna msiba?"

"Hapana, mama," Rosemery alisema, akainuka.

"Basi kuna nini?" Akamgeukia mwanawe. "Amedeus. Februari hurudi?"

Amedeus aliinama.

"Mama, nitakuwa natuma..."

"Sikuuliza utatuma nini. Nimeuliza unarudi lini."

Jogoo wa jirani aliwika, mtu akapita barabarani na redio ya mpira. Mama akamtazama mpaka ikawa hakuna haja ya jibu, akashuka polepole, akakaa palepale kwenye kizingiti, mguu mmoja ameunyoosha. Rosemery akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa na vumbi jeupe la mchele.

"Nisamehe, mama."

"Wewe umenikosea nini, mwanangu? Nenda kwa baba yako."

Rosemery akaondoka. Nyuma yake alisikia Amedeus akimwita mara moja, halafu akasikia akianza kumweleza mama yake jambo kwa Kipogoro, kwa sauti ya kitoto ambayo hakuwahi kuisikia kwake. Alitamani kugeuka. Mwili wote ulitamani kugeuka. Akaendelea kutembea mpaka kwenye duka moja lililofungwa, akakaa kwenye ngazi zake, akatoa simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Baba, Jumamosi wageni hawaji."

Upande wa pili alisikia ng'ombe wakilia kwa mbali, na mama yake akiuliza ni nani huyo. Rosemery alifumba macho, akasubiri maneno aliyostahili kuyasikia.

"Umekula?" Mzee Yoramu aliuliza.

"Hapana, baba."

"Uko wapi?"

"Ifakara. Barabarani."

"Kaa hapohapo, ng'wanawane, mwanangu. Usipande gari na macho ya kulia. Ninakuja kukuchukua mwenyewe."